Imeli ya kazi iko ndani ya telefone yangu, lakini funguo ya nyumba nabaki nayo mimi

Mwaka wa 2019 nilianza kazi kwenye shirika moja hapa Bukavu, upande wa lojistiki, na siku ya tatu tu shefu akaniambia Mama, weka imeli ya kazi kwenye telefone yako, tukiwa kwenye tereni tunakutafuta hatukupati. Telefone ilikuwa yangu, nilijinunulia pale Nyawera kwa dola zangu. Nikafungua ile programu ya imeli iliyokuja na telefone yenyewe, nikaandika anwani na neno la siri, alafu ukatokea ukurasa mrefu: seva ya kazi, ile kompyuta inayotunza imeli zetu, inaomba ruhusa ya kufuta data zote, kuweka masharti ya neno la siri, kuhesabu mutu amekosea mara ngapi kufungua skrini, kufunga telefone, hata kuzima kamera. Gari ya kwenda Uvira ilikuwa inanguruma mlangoni. Nikabonyeza kukubali.

Miezi michache baadaye mtoto wa dada yangu, miaka minne, alibaki na telefone kwenye kochi wakati mimi niko jikoni napika sombe, akawa anabonyeza namba, anabonyeza, anabonyeza. Nilipotoka nikaikuta kama vile imetoka dukani leo, chagua lugha, chagua Wi-Fi. Foto za marehemu papa zote zilienda. Sauti zake za WhatsApp, zilienda. Foto moja tu njo ilirudi, ile niliyokuwa nimemtumia shangazi Uvira zamani, nayo imefifia.

Kumbe sharti la kazi lilisema namba ya siri ikikosewa mara kadhaa mfululizo telefone ijifute yenyewe. Hakuna mutu aliyekaa biro akaamua kunifanyia vile, ni ruhusa niliyotoa ile asubuhi ya Uvira. Pesa za M-Pesa na Airtel Money zilibaki, juu zenyewe ziko kwenye akaunti ya laini si ndani ya telefone, na namba nilizohifadhi kwenye SIM pia zilibaki. Lakini foto? Nani huku kwetu anapandisha foto zote kwenye intaneti kila usiku, na bei ya mega hii, na umeme unaokatika tangu saa moja jioni? Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani, telefone moja njo benki, njo albamu, njo kila kitu.

Nilianza kusoma sana baada ya pale. Ile lugha ambayo programu nyingi za imeli zinaongea na seva za kazi inaitwa ActiveSync, na ndani yake kuna amri ya kufuta telefone nzima kwa mbali. Toleo la 16.1 lilileta amri nyingine, ya kutoa akaunti ya kazi tu na kuacha vingine, lakini ni ipi itatumika, anayeamua ni msimamizi wa seva, si wewe mwenye telefone.

Na sisemi shirika halina haki. Kwenye imeli zetu kuna orodha za majina ya waliokimbia vita, kijiji wanakotoka, watoto wangapi, na kama telefone yangu imeibiwa Kadutu sokoni mimi mwenyewe ningetaka zile orodha zifutwe saa ile ile. Ila ni zile zifutwe. Mutu akipanga chumba kimoja kwenye parsele yangu nampa funguo ya chumba chake, akihama anabeba vitu vyake, simpi funguo ya chumba ninamolala na watoto.

Saa hii natumia brauza tu, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Nafungua imeli kwenye ukurasa wake wa intaneti, naweka njia ya mkato kwenye skrini ya kwanza inakaa kama programu, na brauza haiwezi kuifuta telefone yangu. Taabu iko: taarifa za ujumbe mpya mara nyingi haziingii, bila koneksyo husomi hata ya jana, na mara kwa mara inakutoa uingie upya. Mimi naona ni bei ndogo. Na ile programu ya kutoa namba 6 zinazobadilika kila sekunde 30, za kuhakikisha ni wewe unayeingia, watu wengi wanaiogopa bure, yenyewe inahesabu namba tu, haihitaji usimamizi wa telefone hata kidogo.

Kama kazi yako inadai ujumbe ufike palepale, basi omba wasifu wa kazi. Uko kwenye Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, unatenga upande wa kazi peke yake, programu zake zina alama ndogo ya mkoba, na msimamizi akifuta anafuta ule upande tu, foto zako na WhatsApp yako hazioni. Jumamosi unauzima wote, mkoba unalala. Angalia lakini, anaweza bado kudai telefone nzima iwe na namba ya siri ngumu, hiyo mimi nakubali. Kwenye iPhone kitu cha namna hiyo kilikuja na iOS 13 mwaka 2019, na pale shirika halipati hata namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila telefone. Kuna pia programu za imeli zenye ulinzi wao ndani, zinadai PIN yao na kufuta vya kwao peke yake, bila kushika telefone.

Kabla ya kukubali chochote tena nilimwandikia kijana wa informatiki: mudogo wangu, ukibonyeza kufuta, ni nini hasa kinafutika kwangu? Kuna hesabu ya mara za kukosea? Nikitoka kazini mnafanya nini? Akajibu kwa heshima, Mama, upande wa kazi tu. Nikamwomba ayaandike kwenye imeli, akaandika, nimeitunza.

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja wa biro alisikia habari yangu akaja, Yaya, angalia na yangu. Tukaingia kwenye mipangilio, upande wa usalama, tukatafuta programu za usimamizi wa kifaa, hapo ndipo unaona nani ana nguvu juu ya telefone. Imeli ya kazi ilikuwepo, imewashwa, na ruhusa ni zile zile: kufuta data zote, kuhesabu makosa. Ana mtoto wa miaka mitatu nyumbani. Akabonyeza kuzima, telefone ikamwonya akaunti ya kazi itatoka pamoja nayo. Akanitazama kidogo. Akasema na itoke, kesho nitafungulia kwenye brauza.