Kuchemsha hakuondoi naitreti

Ukisikia maji ya bomba yana naitreti nyingi (nitrojeni iliyoungana na oksijeni, ikayeyuka majini), usikimbilie sufuria. Moto unaua vijidudu, lakini naitreti haipandi na mvuke: maji yanapungua, yenyewe inabaki. Lita 2 zenye miligramu 60 kwa lita, zikichemka hadi ibaki lita 1 na nusu, zinafika miligramu 80 kwa lita. Klorini haiiondoi, wala chujio la kawaida la mkaa. Kinachofaa ni kukeneka maji (kuyageuza mvuke na kuukusanya), kuyasukuma kwa shinikizo kupitia utando mwembamba, au kutumia resini maalumu, yaani chembechembe zinazoinasa naitreti. Resini nayo ina hatari yake: ikishiba bila kusafishwa kwa maji ya chumvi, salfeti, chumvi nyingine iliyomo majini, huing'oa naitreti iliyokwisha kunaswa na kuirudisha kwenye maji, wakati mwingine kwa wingi kuliko ilivyoingia.

Ukipokea majibu ya maabara, tazama kipimo kabla ya namba. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, zikihesabiwa kama naitreti. Marekani inahesabu nitrojeni iliyomo tu, na kikomo chake ni 10. Kubadilisha, zidisha nitrojeni kwa 4.43. Kwa hiyo 12 iliyoandikwa "kama nitrojeni" ni 53: imeshavuka, ingawa kwa macho inaonekana ndogo.

Naitraiti, ndugu ya naitreti yenye oksijeni pungufu, ina kikomo cha 3 kwa Shirika hilohilo. Kila moja hugawanywa kwa kikomo chake, kisha hizi mbili hujumlishwa. Naitreti 40 ni 0.8 ya kikomo chake. Naitraiti 1 ni 0.33. Jumla 1.13. Imezidi 1, maji hayafai, japo kila moja peke yake iko chini ya kikomo chake.

Naitraiti inaweza pia kuzaliwa ndani ya mabomba, pale maji yaliyotiwa kloramini (dawa ya klorini na amonia) yanapolala kwenye joto na bakteria wakaila amonia. Ndiyo maana sampuli ya mtamboni peke yake haitoshi. Chukua na ya bomba la mwisho wa mtandao, iweke kwenye baridi ya nyuzi 4, ifike maabara ndani ya saa 48.

Anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Mwilini naitreti hugeuka naitraiti, nayo huiharibu himoglobini ya damu ikashindwa kubeba oksijeni. Tazama midomo, ulimi na kucha: zikigeuka buluu au kijivu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie madaktari kuhusu maji.