Siku moja na waliopandikizwa konea, Kampala

Saa moja na nusu asubuhi boda inanishusha kazini kutoka Kibuli, na msongamano wa magari tayari umeshaanza. Mimi ni nesi, siku hizi nipo upande wa utafiti: nafuatilia watu waliopandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Wagonjwa wa Bombo, wa Arua na Wakongomani wa Nsambya huletwa kwangu kwa sababu ya Kiswahili.

Saa mbili anaingia kijana mwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka. Tangu utotoni alikuwa na mzio, akiyafikicha macho mchana kutwa. Kipandikizi chake kimeshonwa kwa nyuzi za nailoni nyembamba kuliko unywele, zimezunguka ukingoni kama miali ya jua. Kwenye darubini naona uzi mmoja umelegea na ute umeuganda. Haumi, yeye alikuja kusoma chati ya herufi ya kupima macho tu! Lakini uzi uliolegea ni mlango wa vijidudu, tena huamsha kinga ya mwili dhidi ya kipandikizi. Daktari anautoa palepale kwa koleo dogo.

Saa nne ni kupiga picha za seli. Tabaka la ndani kabisa la konea ndilo linalosukuma maji nje ili konea isivimbe ikawa na ukungu, na kwa binadamu seli zake zikifa hazizaliwi nyingine. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 2,500 kwa milimita moja ya mraba. Kwenye kipandikizi hupungua haraka zaidi, kwa hiyo konea inaweza kung'aa leo huku akiba inaisha. Kazi ya kuhesabu inachosha, sitaki kudanganya.

Mchana ni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na soda, basi.

Saa nane nashika simu. Hapa ndipo penye utafiti wenyewe, ingawa wanaosoma ripoti huangalia zaidi upasuaji. Wasiorudi ni akina nani? Wengine wanaona vizuri, hawaoni sababu ya kulipa nauli ya basi kutoka Arua. Wengine kipandikizi kimekataliwa na wamekata tamaa. Kwenye hesabu zetu, aliyepotea huhesabiwa mpaka siku alipoonekana mara ya mwisho, kana kwamba hana tofauti na waliobaki. Ikiwa waliopotea ndio walioharibikiwa, matokeo yetu yatapendeza bure. Kwa hiyo nampigia mgonjwa, asipopatikana nampigia shemeji, kisha mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Na konea si kitu cha kupoteza kizembe. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa 2016 ulikadiria watu milioni 12.7 wanasubiri, na konea iliyopo ni 1 kwa kila 70 zinazohitajika. Uganda yenyewe ilipata sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023 tu.

Saa kumi tunabishana kwenye kikao cha takwimu. Mama mmoja konea yake ni safi kabisa, lakini chati haisomi kwa sababu konea imejipinda. Mtakwimu anataka aandikwe "imefaulu". Mimi nasema hapana, huyo mama hakuja kutafuta konea safi, alikuja aone. Hata Alois Glogar, ambaye daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea macho yote mawili mwaka 1905, jicho moja lilishindwa na jingine likaona, ungemwandikaje? Tunakubaliana ziwe safu mbili: hali ya kipandikizi, na uwezo wa kuona akiwa na miwani.

Saa kumi na mbili nafunga faili, simu inaita.

"Sista, jicho limekuwa jekundu tangu juzi. Na jua linanichoma."

"Mzee wangu, matone unaweka?"

"Yaliisha. Nikaona jicho limepona."

"Unaona kama kawaida?"

"Kuna moshi kidogo."

Wekundu, kuogopa mwanga, ukungu: kinga ya mwili huenda imeanza kukikataa kipandikizi, na akianza mapema matone ya steroidi, dawa ya kuituliza kinga hiyo, mara nyingi kinaokoka. Namwambia asinunue dawa dukani wala asiweke ya mitishamba, alale kwa mwanawe Nsambya, saa moja asubuhi awe mlangoni na chupa yake tupu. Nauli nitaiombea kwenye bajeti ya mradi.