Mama alivyoiokoa nyumba ya Makorora isipigwe mnada

Notisi ilibandikwa mlangoni mchana kweupe, hapa Makorora, Tanga, kila apitaye anasimama kuisoma. Baba alikuwa amekopa kwenye taasisi moja ya mikopo kwa biashara ya machungwa ya Muheza. Biashara ikayumba, marejesho yakakwama. Dhamana ilikuwa nyumba tunayoishi.

Kaka akaja juu: "Sisi ndio warithi, hawauzi bila sisi kusaini!" Msaidizi wa kisheria tuliyemfuata alimkata kauli palepale. Baba yenu yu hai, mnarithi nini? Mwenye sauti hapa ni mama yenu.

Akatufungulia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 nacho kinadai ridhaa hiyohiyo kwenye rehani. Mama hakuwahi kuulizwa.

Tukaomba nakala ya mkataba. Sehemu ya ridhaa ya mwenza imepigwa mstari, nyuma kimeambatanishwa kiapo cha baba kwamba hana mke. Pembeni picha yake ya pasipoti, amevaa kofia aliyomdarizia mama mwenyewe. Niliitazama ile kofia nikashindwa nicheke au nilie.

Vifungu vilikuwa vyepesi. Kazi ilikuwa kumshawishi mama. Alishasikia kwamba kudanganya kwenye kiapo kama kile ni kosa la jinai. "Unataka nimpelekee babako chakula gerezani Maweni?" Nikambembeleza wee, hataki. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemweza: "Wifi, nyumba ikiuzwa, huyo mumeo utamlaza wapi?"

Tukafungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pamoja na ombi la zuio la muda, tukaambatanisha cheti cha ndoa na barua ya serikali ya mtaa kwamba mama anaishi pale. Mama mwombaji, taasisi mjibu maombi wa kwanza, baba wa pili. Asubuhi wanakunywa chai pamoja, wanapanda bajaji moja kwenda kushitakiana.

Zuio likatoka, mnada ukasimama. Wakili wa taasisi alidai mama alijua, kwani hizo hela si alikula naye? Lakini kula hela si kuridhia rehani, na karatasi ya ridhaa hawakuwa nayo. Kuona hivyo wakataka mazungumzo. Rehani ikaondolewa kwenye nyumba, deni likabaki kwa baba na kupangiwa marejesho mapya, madogo. Makubaliano yakaandikwa barazani.

Kaka alitarajia deni lifutwe kabisa. Wapi! Baba anarejesha mpaka leo, na risiti zote anatunza mama. Mama naye amekwenda kwa Msajili wa Hati kuweka zuio lake kwenye ile hati, ili safari nyingine wakopeshaji wakipekua walikute jina lake.