Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na mgonjwa aliyevaa kaptura

Tuelewane kwanza, mi ni fundi cherehani, si daktari. Nashonea barazani kwangu hapa Pasua, Moshi, magauni, sare, mapazia, chochote. Wiki hii nimeongezewa kazi isiyolipa, nauguza mbwa. Anaitwa Popi, jike, mbwa wetu huyu wa kienyeji wa kilo kama 17, alikua anamkimbiza paka akapenya chini ya uzio wa mabati wa jirani, bati likamchana paja la nyuma kama mtu kapitisha mkasi. Daktari wa mifugo akamshona nyuzi 7. Siku ya kwanza tukakesha naye, usiku wa pili tukajisahau tukalala, asubuhi nahesabu nyuzi ziko 5. Mbili kazifumua kwa meno, taratibu kabisa, kama mwanafunzi wangu ninavyomfundisha kufumua pindo. Daktari akasema hizo 2 harudishii, hapo patajifunga penyewe kutoka ndani, ila kuanzia sasa kazi yako kubwa ni mdomo wake, dawa ndo nyepesi.

Leo siku ya 7. Imeenda hivi.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamshwa na ndoo. Ko, ko, ko, inagonga mguu wa meza. Ni ndoo ya lita 10 nimeikata kitako, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikapitisha utepe ukashikana na mkanda wake wa shingoni, kwahiyo kichwa chake kinakaa ndani kama taa ndani ya kivuli chake. Ule ukingo uliokatwa nimeuzungushia kitambaa kama ninavyomalizia shingo ya gauni, maana plastiki iliyokatwa ni kisu. Ya kwanza nilitumia kopo la rangi la lita 4, nikaona nimemaliza, Popi akageuza shingo mara moja akafika kwenye kidonda bila shida. Fundi mzima nimekosea vipimo! Inatakiwa ukingo wa mbele uipite pua, na shingoni vidole viwili viingie, isimkabe na isivuke masikio.

Saa 12 asubuhi

Kusafisha. Maji nimeyachemsha jana usiku yamepoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kijiko cha chai kilichosawazishwa. Mume wangu anamshika kichwa, mi nalowanisha gozi na kubonyeza taratibu, sisugui. Situmii pamba ya kawaida, inaacha nyuzinyuzi kwenye kidonda. Spiriti hapana, na ile dawa ya kutoa povu (haidrojeni peroksaidi) pia hapana, watu wanaipenda kwa sababu povu linaonekana kama linafanya kazi ila ukiipaka kila siku inachoma mpaka nyama mpya.

Siku 2 za kwanza tulimfunga mdomo kwa utepe wa kitambaa kwa dakika chache tu. Popi hajawahi kuuma mtu na chanjo ya kichaa anapata kila mwaka, kadi ninayo, lakini mbwa akiumia hata mwenye nyumba anang'atwa. Ila mbwa anapoa kwa kuhema jamani, usimfunge ukaenda kupika chai, na akiwa anatapika usimfunge kabisa.

Afu napiga picha. Kila asubuhi sehemu ileile mwanga uleule, nalinganisha na ya jana, maana jicho linasahau. Leo kingo zimekauka, pale palipofumuka pana wekundu mzuri wa nyama mpya, hakuna harufu, hakuna usaha, ukigusa pembeni hapana joto kuliko paja lingine.

Saa 1

Kidonge. Nusu yake nakificha kwenye bonge la ugali wa dona na dagaa. Namtupia la kwanza tupu, la pili lina dawa, la tatu namuonyesha mkononi ili ameze lile la pili haraka bila kutafuna. Siku ya kwanza nilimpa moja tu akala ugali wote akaniachia kidonge sakafuni, kisafi.

Saa 2

Nafungua kazi, navua ndoo, navalisha kaptura. Ndio, kaptura. Ndoo ni ya usiku na ya wakati sipo, mchana kutwa anateseka nayo, anagonga ndoo za maji, anagonga miguu ya wateja, kunywa maji mpaka umvue. Sasa tisheti wanazowavalisha mbwa wengine inafunika tumbo na mgongo tu, kidonda chetu kiko pajani. Nikachukua kaptura ya mtoto wa miaka 4 niliyonunua soko la mitumba la Memorial, pamba tupu maana nailoni inatoa jasho, nikatoboa tundu la mkia, nikatoa vifungo na zipu vyote asije kuvimeza, nikaweka lastiki legevu na mikanda miwili inayopita mgongoni ikivuka kama ya baba harusi. Mguu mmoja nimeupanua ili kitambaa kisikae juu ya nyuzi. Kila akienda kukojoa navua, akirudi navalisha. Nina 3, moja imevaliwa, moja kwenye kamba, moja imetafunwa.

Watoto wanaoenda shule wamesimama getini wanacheka mpaka wanakaa chini.

Saa 4

Saa ya washauri. Anapita mzee jirani yetu, namheshimu sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyo bado hajapona? Mpake oili chafu, nenda pale gereji wakupe kwenye kopo, siku 2 tu."

"Asante mzee, nitamuuliza kwanza daktari."

Sikumuuliza, najua jibu. Oili chafu ina mabaki ya vyuma na sumu za injini, ukipaka ngozi inaungua, na mbwa atailamba yote aimeze. Ila mzee humwambii hivo barazani mbele za watu.

Mteja wa mapazia yeye akashauri Panadol nusu, au diklofenaki. Huyu ni rika langu nikamjibu palepale, dada usijaribu, dawa zetu za maumivu zinaweza kumuua mbwa, ini, tumbo, figo, hata kidogo tu. Wa tatu akaleta shubiri, si ndo tunawaachishia watoto kunyonya, mpake pembeni ya kidonda asilambe. Hiyo nilikua nimeshaiwaza mwenyewe nikampigia daktari, akasema shubiri ikiingia tumboni kwa mbwa inaharisha na kutapisha. Pilipili ndo kabisa, mtu una kidonda afu upakwe pilipili?

Saa 6 mchana

Jua kali, nzi. Hiki ndo kitu kinachoniogopesha kuliko usaha, nzi akitaga kwenye kidonda kibichi ukikaa kidogo tu una funza. Nina kipande cha neti kilichobaki kwenye shela ya bibi harusi wa mwezi uliopita, nikamfunika nacho amelala chini ya meza. Kaptura na shela. Nimepiga picha, sitaiweka hapa, ana heshima zake.

Saa 8

Hapa nilizembea. Amekuja mama wa kicheni pati kupima gauni, mwili umebadilika tangu nichukue vipimo, tukaingia ndani na pini mdomoni, dakika 20 hivi, kaptura bila ndoo. Natoka namkuta ametulia mno. Mbwa akitulia mno mchana we jua kuna kazi inaendelea. Kaptura ina tundu la ukubwa wa kiganja, nyuzi zote 5 zipo nikashukuru, ila kitambaa kilichotoka kiko wapi? Nikapiga magoti kati ya miguu ya mteja natafuta vipande navipanga juu ya tundu kama napima kiraka. Vikatimia, bado kona ndogo, nikaikuta imenasa kwenye kucha.

Wenzangu mnaoshona na kufuga mbwa, hili la uzi lishikeni. Mbwa akimeza uzi mrefu, upande mmoja ukinasa, utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa unapovuta uzi wa marinda, na unaweza kukatika. Ukiuona unatokea nyuma usiuvute, kimbia kwa daktari. Mi sikuhizi nafagia kila saa, na sindano zinahesabiwa.

Baada ya hapo nikampa karoti nzima. Karoti inamshughulisha nusu saa, mifupa iliyopikwa simpi inapasuka vipande vikali. Kulamba kwingine ni uchovu wa kukaa tu, hana kitu kingine cha kufanya.

Saa 10

Mama yangu kapiga simu kutoka Kibosho, kauliza ya mbwa kabla ya kuuliza ya wajukuu. "Mwache alambe mwanangu, ulimi wa mbwa ni dawa, sisi mbwa wetu nani aliwavalisha ndoo?" Mama, wale walikua na mikwaruzo, huyu kashonwa. Ulimi wake ukipita mara kwa mara unakwangua kidonda, mdomo una vijidudu kibao, na akianza kulamba anamalizia na meno ya mbele, unajua mwenyewe uzi mmoja ukitoka wa pili unafuata. Akanyamaza kidogo. "Basi mshonee na kofia."

Saa 12 jioni

Matembezi ya kamba, mpaka kwenye mwembe na kurudi, hakuna kukimbia. Paka yuko juu ya ukuta wa jirani anatuangalia. Popi akavuta, nikavuta, ngozi ya paja ikavutika nikahisi mi ndo nimeshonwa.

Saa 3 usiku

Nusu ya pili ya kidonge, kaptura inafuliwa, ndoo inarudi. Akiiona anashusha masikio na kurudi kinyumenyume mpaka kwenye kona ya kabati afu anatoa kichwa mwenyewe, kama mtoto anayejua koti lazima livaliwe. Nyuzi daktari kasema atazitoa siku ya 12 mpaka ya 14 akiridhika, kwahiyo ni angalau usiku 5 nyingine za ko ko ko.

Saa 5 nasikia sauti ya kulamba. Naruka na tochi ya simu. Analamba ndani ya ndoo, kuna dagaa lilibaki kwenye ukingo.

Nimekaa hapohapo sakafuni nafumua ubavu wa gauni la kicheni pati, la Jumamosi, na zipu bado.