Mavazi Yasiyochakaa

Somo la wiki: Kumbukumbu la Torati 8:2–18

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi. Wiki hii nawaandikia zaidi vijana wetu wanaomaliza sekondari, ingawa sisi tuliomaliza zamani tunaweza kukaa nyuma tukasikiliza.

Wahitimu wakikusanyika kwa mara ya mwisho, husimuliana yale yale. Siku darasa zima lilipoadhibiwa kwa kosa la mmoja. Jina la utani la mwalimu wa hisabati, ambalo mwenyewe alilijua siku nyingi ila alijifanya halisikii. Kengele iliyopigwa kabla ya saa na mtu ambaye mpaka leo hajatajwa. Wanacheka hadi wanashika mbavu, na wacheke, wamevumilia mengi. Ila vicheko vya siku hiyo huchagua. Miaka ikipita, yaliyochaguliwa ndiyo yanayobaki, na yaliyoachwa yanakuwa kama hayakutokea kabisa.

Waisraeli waliwahi kukumbuka namna hiyo. Walipochoka na mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia jangwani, walilia, wakasema wanawakumbuka samaki waliokula Misri bure, pamoja na matango, matikiti na vitunguu (Hesabu 11:5). Bure! Watu waliofyatua matofali chini ya wasimamizi wakali, ambao wazazi wao walishuhudia watoto wa kiume wakitupwa mtoni, leo wanasema walikula bure. Kuhusu samaki hawakusema uongo, samaki walikuwapo. Walichokisahau ni malipo.

Musa anawafundisha kukumbuka kwa namna nyingine. Yuko Moabu, ng'ambo ya Yordani, mwaka wa 40 tangu watoke Misri, na wanaomsikiliza wanafanana sana na darasa linaloaga. Waliohesabiwa wakiwa na miaka 20 na zaidi wamekwisha kufa njiani, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Waliobaki walitoka Misri wakiwa wadogo, au walizaliwa humo humo jangwani na hawajui maisha mengine. Sasa wanavuka kuingia nchi ya ahadi. Musa havuki nao. Walimu mnaosoma hapa mtamwelewa kuliko sisi: unawalea watu miaka yote hiyo, unawafikisha mpakani, wao wanakwenda.

Anawaambia, "Nawe utaikumbuka njia yote BWANA, Mungu wako, aliyokuongoza miaka hii arobaini katika jangwa." Wala hawapunguzii. Anataja njaa. Anataja nyoka na nge na nchi kavu isiyo na maji. Mwanzoni mwa kitabu amekwisha kusema kwamba kutoka mlima Horebu hadi Kadesh-barnea, mpakani mwa nchi ya ahadi, ni safari ya siku 11, halafu anahesabu miaka 38 iliyopita tangu Kadesh-barnea mpaka walipovuka kijito cha Zeredi. Kijana uliyerudia darasa, ukamaliza nyuma ya wenzako ulioanza nao, tazama vizuri: miaka hiyo haikufichwa, na mana haikukatika ndani yake.

Halafu katikati ya hayo yote Musa anaingiza jambo dogo mno. "Mavazi yako hayakuchakaa kwa kuzeeka, wala mguu wako haukuvimba, miaka hii arobaini."

Mstari huu umenishika. Bahari ilipogawanyika kila mtu aliona, na Miriamu akatwaa tari, wanawake wakatoka nyuma yake wakicheza. Lakini ni nani aliyewahi kuimba kwa sababu ya nguo? Hakuna Mwisraeli aliyeamka asubuhi fulani akawaita jirani zake waje waone kwamba vazi lake halikuchanika usiku. Jambo la namna hiyo halina siku yake. Halionekani likitendeka. Mpaka mtu asimame, ageuke, aitazame miaka yote kwa pamoja, ndipo ashangae: kumbe!

Katika ibada za shukrani za wahitimu huwa nasikia ushuhuda wa matokeo, wa uongozi, wa tuzo. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Ningependa kumsikia siku moja kijana akishuhudia kuhusu nguo. Aseme kwamba kila muhula ada ilionekana haitapatikana, na kila muhula alikuwa darasani. Aseme kuhusu rafiki aliyemvuta kwenye njia mbaya, akahamishwa shule, naye akalia wiki nzima kwa kumkosa, asijue alikuwa anaondolewa mtego. Kuhusu mama aliyeamka kabla yake asubuhi zote zile, asizihesabu. Kuhusu mwalimu aliyerudia somo lile lile kwa mara ya nne bila kumwita mjinga. Kuhusu homa iliyoishia siku mbili kabla ya mtihani. Kuhusu akili yake mwenyewe, kwamba alilala usiku wa hofu akaamka mzima. Ushuhuda wa namna hii haupigiwi makofi mengi, nadhani ndiyo maana hatuusikii.

Na aliyeongoza darasa asiruke aya ya 17, pale Musa anapowakataza kusema moyoni kwamba nguvu zao na uwezo wa mkono wao ndio uliowapatia walicho nacho. Ulisoma kwa bidii, hakuna anayekunyima hilo. Aliye pembeni yako naye alisoma kwa bidii.

Sasa niseme lililo gumu. Kwenye picha ya mwisho ya darasa kuna watu hawamo. Walianza pamoja nanyi. Mmoja aliugua, mwingine alikosa ada, mwingine alipata mimba akaondoka kimya kimya huku aliyempa akiendelea na masomo. Njia yenu ilikuwa yao pia hadi pale walipoishia. Na kuna aliyebaki mpaka mwisho, akapiga picha na kutabasamu, lakini kisa kinachowachekesha ninyi ndicho kilichomfanya achukie kuja shuleni: kigugumizi chake, viatu vyake, Kiingereza chake. Yeye anacheka nanyi kwa sababu hana pa kwenda.

Musa hakuliruka hilo. Sura ya 9 anawaambia wakumbuke, wasisahau, jinsi walivyomtia Mungu ghadhabu jangwani. Kumbukumbu yao ilipaswa kubeba wema wa Mungu na makosa yao wenyewe kwa pamoja. Na Bwana wetu alisema kwamba ukiwa umeleta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka huko kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23–24). Angalieni: mtu huyu anakumbuka akiwa ibadani tayari, sadaka mkononi. Kwa hiyo kama jina la mwenzako fulani limekujia unaposoma hapa, usilisukume. Bado mko karibu, namba yake unayo. Mwezi ujao kila mtu atakuwa kwake na simu hiyo itakuwa nzito kuliko leo.

Pengine wewe ndiye uliyeonewa, na watu wanakualika kusema kwamba ile ilikuwa miaka bora ya maisha yako. Huna deni hilo. Musa alimshukuru Mungu kwa safari ile bila kulisifu jangwa. Aliliita kubwa, lenye kutisha, na hakujirudi. Unaweza kumshukuru Mungu aliyekupitisha na bado ukapaita mahali pale kwa jina lake halisi.

Najua wengi wenu kwa sasa mnawaza matokeo kuliko mambo ya nyuma. Yoshua naye alikuwa na ya kwake ya kuwaza: kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kubwa, na mtu aliyemtumikia tangu ujanani alikuwa anabaki ng'ambo. Musa alimwita mbele ya Israeli wote, akamwambia: "Naye BWANA, yeye ndiye atakayekutangulia, atakuwa pamoja nawe, hatakupungukia wala kukuacha, usiogope wala usifadhaike" (Kumbukumbu la Torati 31:8).

Tuombe. Baba, tunawaleta kwako wahitimu hawa, pamoja na wale ambao majina yao yalifutwa kwenye daftari la mahudhurio kabla ya mwisho. Wape ujasiri wanaotakiwa kuomba radhi wiki hii, na uwape nafasi wanaotakiwa kuombwa. Wakumbuke wazazi wanaodaiwa ada mpaka sasa. Watie nguvu walimu ambao Jumatatu wanaanza upya na darasa jingine. Katika jina la Yesu, Amina.