Kiuno kilivyoacha kunikaza nikikimbia

Kila nikifika kilomita ya 3, kiuno kilianza kukaza, juu kidogo ya mkanda. Nilibadilisha viatu, nikapumzika wiki 2, nikanyoosha misuli ya mapaja. Nafuu ya siku mbili, kisha yale yale. (Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, usijaribu haya yangu, muone daktari.)

Nikaomba nirekodiwe video kutoka ubavuni. Kumbe mguu ulitua mbali mbele ya mwili, kisigino kwanza, goti limenyooka, na kishindo kikipanda hadi kiunoni. Nikahesabu hatua: 156 kwa dakika. Nikazifupisha hadi zikafika 164, kasi ile ile, mguu ukitua karibu chini ya nyonga. Mwanzoni nilijiona kama kuku mwenye haraka! Wiki ya tatu nikamaliza kilomita 8 bila kushika kiuno.