Kabati la Panjiayuan

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Beijing, Kichina changu kikitosha kununua nyama na kugombana na dereva wa teksi, aliponipigia simu mama mmoja wa Kariakoo, shoga yake shangazi. Alishamaliza kufunga mzigo wake Guangzhou, akapanda treni hadi huku kwa jambo moja tu: kabati la kale la Kichina, lenye nakshi za mkono. "Si la dukani, mwanangu. La sebuleni kwangu."

Jumamosi alfajiri tukaenda Panjiayuan, soko la vitu vya kale. Mwisho wa wiki soko lile huanza kungali giza, wanunuzi wanamulika vyungu kwa tochi. Kwenye banda moja, ayi mmoja (ndivyo unavyomwita mwanamke wa makamo kule) alikuwa na makabati mawili, karibu mapacha: mekundu, milango miwili, bamba la shaba la duara katikati, na popo wamechongwa juu.

"Popo wa nini tena ndani ya nyumba?" Mama akarudi hatua nyuma. Nikamweleza kwamba popo kwao ni *fu*, na heri nayo hutamkwa vivyo hivyo. Akaguna.

Baba yangu alikuwa seremala Keko, na kwake fenicha haisifiwi mbele mpaka umechungulia nyuma. Nikachungulia. La kwanza nakshi zote zilikuwa na kina kimoja, kazi ya mashine, na bawaba zimekazwa kwa skrubu za nyota. La pili sikuona msumari hata mmoja: ulimi wa ubao huu umeingia kwenye tundu la ubao ule, basi. Nikapitisha vidole chini ya droo nikakuta mawimbi madogo ya randa. Popo mmoja bawa lake la kushoto lilikuwa pana kuliko la kulia. Fundi alikosea, au alichoka. Nilizama pale hadi Mama akakohoa.

"Hili," nikamwambia.

Ayi akatikisa kichwa. Hilo ni la enzi ya Qing, wafalme wa mwisho wa China; fenicha ya kabla ya 1911 hairuhusiwi kutoka nchini, forodha watalizuia. Unaweza kulinunua, ukae nalo Beijing.

"Muulize, tukilipiga rangi juu?"

Hilo sikulitafsiri. Ayi alicheka hata hivyo.

Mama akalinunua lile la mashine, baada ya nusu saa ya kupokezana kikokotoo. Hakuonekana kuumia. "Nani Dar atakayeinama kuchungulia nyuma?" Nilimfahamu mmoja, nikanyamaza.

Walipokuwa wakilifunga kwa mablanketi, niliona droo ya lile la zamani nimeiacha wazi. Ayi akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaingia bila kukwaruza, na hewa iliyobanwa ndani ikaisukuma droo ya jirani, ikatoka nje kidogo.